INTANI NA DAFTARI LAKE: UTAFITI SI KAZI YA MAPROFESA PEKE YAO

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna jambo nimekuwa nikilifuatilia muda sasa, nikaona si vibaya tukaliongelea hapa kijiweni kwetu. Hivi daktari kijana, huyu intani tunayemkuta wodini macho mekundu kwa kukesha, anajifunzaje kufanya utafiti? Na sisi wagonjwa inatuhusu nini?

Kabla hamjanirushia mawe, niseme mapema: mimi si daktari. Nimeishia fomu siksi. Naandika andika huku na kule, na wiki ambazo kalamu hailipi nashinda kwenye steshenari moja jirani na hospitali. Nachapa, natoa kopi, natengeneza majalada. Hapo ndipo nilipowafahamu hawa madaktari vijana. Wanakuja jioni na flashi mkononi, kesho ndiyo siku ya mwisho ya kukabidhi kazi, wananiambia "mdogo wangu, hebu nipangie hizi data zikae vizuri."

Nafungua faili, nakuta maajabu. Safu ya jinsia: mstari mmoja umeandikwa "me", mwingine "M", mwingine "mwanaume", mwingine "mme". Kwa binadamu ni kitu kimoja, kwa kompyuta hizo ni jinsia nne! Safu ya umri ndiyo balaa kabisa, imeandikwa "8". Miaka minane au miezi minane? Namuuliza dokta, naye anabaki kunitazama. Karatasi alizoandikia wodini zimeshapotea.

Nikaanza kuuliza maswali. Majibu mengi nimeyapata kwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye amemaliza uintani si siku nyingi. Na kisa cha leo ni chake.

USIKU ULE

Dada alikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja alijifungua salama, mtoto mzima, kisha damu ikaanza kutoka bila kukoma. Wakafanya yote wanayofundishwa. Damu ya kumwongezea ikaagizwa. Ilipofika, yule mama alikuwa ameshafariki.

Asubuhi kwenye kikao dada akauliza swali moja tu: "Hivi kwetu hapa, kuanzia damu inapoagizwa mpaka inapoanza kuingia kwa mgonjwa, huwa inachukua muda gani?"

Sista mmoja akasema nusu saa. Mtu wa maabara akasema haizidi dakika kumi. Daktari mwingine akasema masaa mawili, tena siku nzuri. Kila mtu alikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba.

Jamani, hapo ndipo utafiti unapoanzia. Hauanzii kwenye joho wala ufadhili kutoka Ulaya. Unaanzia pale watu wazima, wenye uzoefu, wanapopishana juu ya jambo ambalo lingeweza kuhesabiwa.

KWA NINI WENGI WANAUOGOPA

Kwa wasiojua, hapa Tanzania mtu anasoma shahada ya udaktari miaka 5, halafu anafanya mafunzo kwa vitendo mwaka 1, ndiyo anapata usajili kamili. Akitaka ubingwa anarudi chuoni, na huko hatoki bila kuandika tasnifu, yaani kitabu cha utafiti wake mwenyewe.

Matokeo yake wengi wanaujua utafiti kama mlima wa kupanda ili upewe cheti. Ukishapewa cheti, kwaheri. Stadi yenyewe, ya kuuliza, kusoma, kuhesabu na kuandika, haijaota mizizi. Ni sawa na mtu anayejifunza kuogelea siku boti inazama.

Dada anasema dawa yake ni moja: anza na kitu kidogo ukiwa bado intani, na ukimalize. Kidogo kilichokamilika kinakufundisha kuliko kikubwa kilichoachwa njiani. Nimejaribu kuzipanga hatua zenyewe hapa chini, kwa lugha ya mtaani.

1. SWALI LIWE DOGO MPAKA LIKUONEE AIBU

Intani akiulizwa anataka kutafiti nini, atakwambia "vifo vya wajawazito Tanzania." Kaka, dada, hiyo ni kazi ya wizara nzima! Swali zuri linataja nani, wapi, lini, na unahesabu nini. Swali la dada lilikaa hivi: kwa akina mama waliovuja damu baada ya kujifungua katika wodi yetu, miezi sita iliyopita, ilichukua dakika ngapi toka kuagiza damu mpaka kuanza kuiongeza? Basi. Hilo mtu mmoja analiweza.

Wala usiogope kuchekwa. Mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, akaona maziwa ya moto aliyoweka kwenye friza kutengeneza aiskrimu yameganda kabla ya yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akambeza kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, ndipo akamuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka, lakini Osborne akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha wote wawili kwenye jarida la fizikia, na mpaka leo wanasayansi wanalibishania jambo hilo. Sasa ikiwa mwanafunzi wa sekondari aliweza kuuliza, intani mwenye shahada anaogopa nini?

2. SOMA KABLA HUJAHESABU

Swali lako huenda limeshajibiwa na mtu wa Mbale au wa Kilifi. Zamani ungesema majarida ni ghali. Leo PubMed inapekuliwa bure hata kwa simu, African Journals OnLine ina majarida ya kwetu Afrika, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2002 lina mpango wa HINARI, ambao sasa uko chini ya Research4Life. Unaziwezesha taasisi za nchi maskini kupata majarida bure au kwa bei nafuu. Muulize mkutubi wa chuo au hospitali kama taasisi yenu imesajiliwa. Wengi wanayo nywila na hawajui!

Lakini kusoma kuna namna yake. Dada hakimbilii mwisho kutafuta hitimisho. Anajiuliza: walitafiti watu gani? Wangapi? Waliwalinganisha na nani? Walihesabu nini? Na je, wagonjwa wale wanafanana na wangu?

Mtasema hii ni nadharia. Haya, nawapa mfano ulionisisimua mwili.

Kwa miaka mingi, mtoto aliyeletwa na homa kali na mzunguko wa damu ulioanguka alikuwa akimiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo, na kwa macho ilionekana kweli, kwani mtoto anachangamka kidogo. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ukafanyika utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ilikuwa Teule, Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu: wawili wakipata maji ya haraka ya aina mbili tofauti, wa tatu hawakupata hayo maji ya haraka, wakaendelea na matibabu mengine yote.

Kila mtu alitegemea waliopata maji ndio wapone zaidi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Ndani ya saa 48, katika makundi yaliyopata maji ya haraka walikufa asilimia 10.6 na 10.5. Ambao hawakupata, asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100, kama watatu zaidi walikufa kwa kitu kilichokusudiwa kuwaokoa.

Tuelewane hapa ili mtu asije kupotoka. Utafiti huu haukuwahusu watoto walioishiwa maji kwa kuharisha. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, mpelekeni hospitali haraka. Na hii ndiyo faida ya kuuliza "walitafiti watu gani?" Daktari asiyejua kusoma vizuri atakosea mara mbili: ama ataendelea na mazoea, ama atasoma kichwa cha habari na kuwanyima maji wanaoyahitaji.

Sasa niulizeni tena utafiti unatuhusu nini sisi wa mtaani.

3. HESABU KAMA MUUZA DUKA MWAMINIFU

Hapa ndipo steshenari kwetu tunapopata riziki, maana wengi wanaharibu. Nayaandika niliyoyaona kwa macho yangu:

- Amua kabla ya kuanza kila kitu kitaandikwaje. Umri wote kwa miezi, au wote kwa miaka. Jinsia 1 na 2, basi. Andika ufunguo wa alama hizo kwenye ukurasa wa kwanza.

- Pale ambapo taarifa haipo, andika kwamba haipo. Usiache wazi na usiandike sifuri. Sifuri ni jibu, kukosekana ni jambo lingine.

- Jaribu fomu yako kwa mafaili kumi kwanza. Utagundua maswali matatu hayajibiki na moja umelisahau.

- Faili la kwanza lisiguswe. Fanya kazi kwenye nakala, na weka nakala nyingine mahali tofauti. Flashi zinakufa, wadau. Nimeshuhudia mtu mzima akilia.

- Zana zipo za bure: KoboToolbox kwa kukusanya kwa simu, R kwa hesabu, Zotero kwa kupanga marejeo.

Na jihadhari na namba ndogo. Ukiwa na wagonjwa wanne na wawili wamefariki, usitangaze kwamba "asilimia 50 wanakufa." Sema wawili kati ya wanne. Mgonjwa mmoja tu akipona, asilimia yako inaruka kutoka 50 mpaka 25. Tafuta mtu wa takwimu MAPEMA, kabla hujakusanya. Ukimletea data mbovu mwishoni atakuwa kama daktari anayeitwa kwenye maiti: atakwambia imekufa kwa nini, lakini hawezi kuifufua.

4. RUHUSA NA SIRI ZA WATU

Hili vijana wanalirukia sana. Kuwa na ufunguo wa kabati la mafaili hakukupi haki ya kuyafanyia utafiti. Unaanza kwa mkuu wa idara na uongozi wa hospitali. Kama ni utafiti unaopita kamati ya maadili, subiri kibali ndipo uanze, usiombe ukiwa umeshamaliza. Kitaifa kuna kamati iliyo chini ya NIMR, ile taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Ukaguzi wa huduma ndani ya wodi yenu wenyewe, kama wa dada, unaweza kuwa na njia fupi, lakini anayeamua ufupi huo si wewe. Uliza.

Majina ya wagonjwa yasiingie kwenye karatasi yako, weka namba. Na ile tabia ya kupiga picha kidonda cha mtu na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp "kwa ajili ya kujifunza" iishe. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata bila sheria, huyo mgonjwa ni mama wa mtu.

5. MWONE MTU MZIMA

Hakuna anayejifunza hii kazi peke yake. Tafuta msimamizi, na si lazima awe profesa mwenye jina. Dada anasema bora bingwa wa wodini kwako anayejibu ujumbe kuliko mkubwa unayemwona kwenye televisheni. Usiende mikono mitupu ukasema "shikamoo dokta, naomba topiki." Nenda na ukurasa mmoja: swali langu ni hili, wengine wamepata hivi, nataka kuhesabu hiki, naomba unikosoe.

Na kosoeni kweli, wakubwa. Nimeona maandiko yamerudi na neno moja tu, "rekebisha." Arekebishe nini, mheshimiwa?

Mkubaliane pia mapema nani ataandikwa mwandishi. Kanuni za kimataifa za wahariri wa majarida ya tiba zinataka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameridhia toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika nalo. Kuwa bosi wa idara si mchango. Wala mimi niliyechapa si mwandishi, ingawa kuna siku nilistahili, he he!

6. ANDIKA, HATA UKURASA MMOJA

Kitu kisichoandikwa kinakufa na aliyekiona. Mwaka 1952 mpaka 1953 kule uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, watu waliugua homa yenye maumivu ya viungo mpaka wakajikunja. Daktari Marion Robinson akaziandika dalili za wagonjwa hao, na mwenzake Lumsden akaandika jinsi ugonjwa ulivyosambaa. Makala zao zikatoka mwaka 1955. Leo ugonjwa huo umefika Asia na Amerika, na dunia nzima inauita chikungunya, neno la Kimakonde. Huko nje wengi hawajui Newala iko wapi, lakini jina letu wanalitamka.

Jirani zetu Uganda nako, mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Muda si mrefu akamwona mwingine kama huyo Jinja. Hakuwa na maabara ya maana. Alichofanya ni kutuma karatasi zenye picha kwenye hospitali za Afrika akiuliza "mmewahi kuona hii?", akaweka alama kwenye ramani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kuukuu, wakasafiri wiki 10, maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na katika uvimbe wa aina hiyo ndimo wanasayansi wa Uingereza walimogundua kirusi cha Epstein-Barr mwaka 1964. Ni kweli hakuwa intani, alikuwa mtu mzima. Lakini zana zake, yaani macho, karatasi, ramani na kuuliza, intani yeyote anazo.

Mitego miwili kabla sijafunga. Kwanza, majarida feki. Ukipata barua pepe inakusifia "daktari bingwa mashuhuri" na wewe ndiyo kwanza una miezi mitatu kazini, wanaahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa, kimbia. Pili, programu za akili bandia. Zinasaidia kunyoosha sentensi, lakini zinaweza kukubunia makala ambazo hazijawahi kuandikwa duniani, zikiwa na majina na mwaka kabisa. Kila rejeo ulifungue na ulisome mwenyewe. Na taarifa za wagonjwa usizimwage humo.

DADA ALIPATA NINI?

Najua mnangojea. Alipewa ruhusa, akakaa na madaftari ya wodi na ya maabara jioni baada ya zamu. Na hapa tusidanganyane, ni kazi ngumu. Intani anatoka zamu miguu imevimba, posho yenyewe mnaisikia, halafu akahesabu mafaili. Alifanya nusu saa kwa siku, siku alizoweza. Kuna wiki hakufanya kabisa.

Jibu alilopata silo alilotarajia. Mafaili mengi yaliandika damu imeagizwa, na yaliandika damu imeongezwa, lakini SAA haikuandikwa. Swali lake halikuweza kujibika. Alinipigia simu kanyong'onyea, akidhani kazi yote imepotea.

Bingwa wake ndiye aliyemwambia kwamba hilo ndilo jibu lenyewe. "Mdogo wangu," dada akaniambia baadaye, "nilidhani tatizo letu ni damu kuchelewa. Kumbe la kwanza ni kwamba hatujui kama inachelewa."

Akaandika ukurasa mmoja, akausoma kwenye kikao cha asubuhi kilekile. Fomu ya kuagizia damu ikaongezwa nafasi mbili: saa ya kuagiza, saa ya kuanza kuongeza. Nikazitoa kopi mimi mwenyewe. Uintani wake ukaisha, akaondoka, na intani aliyempokea ndiye anayehesabu sasa, safari hii akiwa na kitu cha kuhesabu.

Haikuchapishwa kwenye jarida lolote. Yule mama hakurudi. Lakini siku nyingine mtu akiuliza swali lile kwenye kikao, atajibiwa kwa namba.

Wadau, nyie mnasemaje? Madaktari mliomo humu, swali lenu la kwanza lilikuwa lipi, na nani aliwashika mkono? Na ambao si madaktari kama mimi, mmewahi kuombwa kushiriki utafiti hospitali? Mlielezwa vizuri au mliwekewa tu karatasi ya kusaini? Karibuni tuongee, ila matusi tuweke nyumbani.

Alamsiki.